Tunakwenda kwa Ajili ya Mtoto

Maneno yaliyosemwa na ofisi ya elimu ya watu wazima mbele ya kikundi cha kujitolea cha wahitimu wa kisomo, Kinole

   Wageni wetu mliotoka ng'ambo, mwenzetu hapa atawafasiria maneno haya polepole.

Leo hatukukusanyika kusoma. Kusoma mnajua, na vyeti vyenu mnavyo. Tumekusanyika kwa sababu kesho kutwa watu 14 watashuka mlimani. Wanane ni wahitimu wa kisomo wa hapa Kinole. Sita ni wageni. Watapita Mkuyuni na Kiroka mpaka Morogoro, na huko watakaa siku 10 katika makao ya watoto yatima. Kazi yao ni mbili: kujenga jiko jipya na kulima bustani ya mboga. Sisi wa ofisi tutafuatana nao siku ya kwanza.

Watu wametuuliza swali moja, tena wameliuliza mara nyingi: "Sisi na hawa wageni tutapatana vipi? Hatujuani. Lugha yao siyo yetu. Wao wamekuja kwa ndege, sisi tunashuka na gari la ndizi." Swali hilo ni zuri na tutalijibu. Lakini tunaongeza swali la pili, ambalo bado hatujalisikia: "Tukishapatana sisi kwa sisi, mtoto atapata nini?"

MAZIMBU PALIFANYIKA NINI?

Ndugu zetu, jambo hili si geni katika mkoa wetu. Mlio watu wazima mnalijua jina la Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Vijana pengine hawajui habari zake. Basi tuwaeleze.

Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana. Walikataa kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Makaburu. Polisi wakawapiga risasi. Vijana wengi wakakimbia nchi yao, na wengine walikuwa watoto kabisa. Wengi wao walifika Tanzania.

Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ndugu zetu wa chama cha ANC ardhi hapo Mazimbu. Palikuwa shamba la zamani la katani. Nyumba zilikuwa chache na chakavu, na pori lilikuwa tele. Mwaka 1978 masomo yakaanza. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi tarehe 6 Aprili 1979.

Sasa sikilizeni vizuri. Nani aliyejenga Mazimbu? Walijenga Watanzania, mafundi na vibarua wa hapa hapa Morogoro. Walijenga Waafrika Kusini wenyewe, na wanafunzi walishika kazi za mikono pamoja na kalamu. Walijenga pia watu waliotoka mbali: Uswidi, Norwei, Uholanzi, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Wengine walikuwa walimu, wengine mafundi, wengine waganga. Palikuwa na mashamba, mifugo, karakana ya samani na hospitali. Palikuwa na shule ya msingi. Tena palikuwa na kituo cha watoto wadogo, kilichopewa jina la mama mmoja mpigania haki wa Afrika Kusini, Charlotte Maxeke. Watoto wale walikuwa mbali na kwao, na wengine wazazi wao walikuwa wametumwa katika kazi za ukombozi nchi za mbali.

Mwaka 1985 shule ilifunguliwa rasmi na kiongozi wa ANC, Oliver Tambo. Kisha mambo ya Afrika Kusini yakabadilika, watu wakaanza kurudi kwao. Tarehe 9 Julai 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na jina la Solomon Mahlangu lipo bado.

Tunajifunza nini? Watu wa lugha nyingi na rangi nyingi walikaa pahali pamoja, wakafanya kazi pamoja. Kilichowaunganisha ni kazi ambayo kila mmoja aliiona ni ya lazima. Na walipoondoka, kazi yao ilibaki. Leo watoto wa wakulima wanasoma katika majengo yale.

KAZI YA KULAZIMISHWA NA KAZI YA KUJITOLEA

Hapa Uluguru tunajua pia kazi ya namna nyingine. Wazee wetu waliadithiwa na wazazi wao, au waliona kwa macho yao utotoni, mambo ya matuta.

Baada ya mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Sababu waliyoitoa ilikuwa nzuri kuisikia: kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini mkulima hakuulizwa. Kazi ilikuwa nzito, na mwenye kukataa aliadhibiwa. Mwaka 1955 watu wakachoka. Kukatokea ghasia Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa. Mwishowe mpango ule ukaachwa.

Jamani, neno hili tulitie akilini. Nia nzuri peke yake haitoshi. Udongo ulikuwa unachukuliwa kweli, lakini waliokuja kuutengeneza hawakumwuliza mwenye shamba. Basi na sisi tunapokwenda kwenye makao ya watoto, tusiende kama mabwana wa matuta. Jiko na bustani hatukuvibuni sisi. Tulikwenda kwanza tukawauliza walezi. Wakatuambia, "Moshi wa jiko letu unatuumiza macho, na mboga tunanunua kila siku." Ndiyo maana tunakwenda na matofali na mbegu. Mgeni mmoja alitaka kupaka kuta rangi na kuchora wanyama. Ni wazo la upendo, ila walezi hawakuliomba. Litasubiri.

MAMBO MANNE YANAYOFUNGA KIKUNDI

Sasa tujibu lile swali la kwanza: tutapatana vipi? Sisi wa ofisi tumefuatana na vikundi vingi, vya kuchimba visima, vya kujenga madarasa, vya kupanda miti. Tumeona vikundi vilivyoshikamana na tumeona vilivyovunjika. Tunawapa mambo manne.

La kwanza ni chungu kimoja na jamvi moja. Kikundi huvunjika usiku wa kwanza, wala si siku ya mwisho. Huvunjika pale baadhi wanapolala kitandani mjini na wengine wanalala chini darasani. Huvunjika pale wageni wanapofungua makopo yao pembeni na wenyeji wanakula ugali wao. Kwa hiyo tumekubaliana: wote 14 watalala mahali pamoja, wanawake chumba chao na wanaume chao. Wote watakula chungu kimoja. Kutakuwa na ugali, maharage, magimbi na ndizi za Kinole. Asiyeweza kula kitu fulani kwa ajili ya afya yake aseme mapema, hakuna aibu.

Tena akina baba, tunasema wazi. Zamu ya kupika ni ya wote. Tusiende na akina mama watano tukawafanya wapishi wa siku 10, halafu tukirudi tukasema "tumejenga sote." Mama aliyeshinda jikoni hakupata nafasi ya kushika mwiko wa kujengea. Zamu zimeandikwa, na kila mtu asome jina lake.

La pili ni kubadilishana kazi. Anayechanganya udongo leo, kesho abebe matofali. Fundi amfundishe asiye fundi. Mgeni wetu mmoja ni karani wa benki kwao, hajashika sururu. Mzee wetu mmoja hapa ni fundi wa kuta tangu ujana wake. Basi kule mzee atakuwa mwalimu na karani atakuwa mwanafunzi. Jioni, karani naye atamwonyesha mzee namna ya kuandika mapato na matumizi katika safu mbili. Watu wakifundishana hivi wanaheshimiana. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni aliyepewa jembe haoni tena kwamba anatazamwa, anaona yumo.

La tatu ni maneno machache ya lugha ya mwenzako. Hatuhitaji kujua lugha yao yote, wala wao yetu. Maneno 20 yanatosha kwa kuanzia: maji, pole, shika, ngoja, taratibu, hatari, nimechoka, asante. Kila mtu ayaandike katika daftari lake. "Pole" ni neno la kwanza tutakalowafundisha, maana hawana neno kama hilo kwao, na kazini linahitajika kila saa.

Hapa tuseme na habari ya utani. Sisi tuna watani wetu, na mtani anaweza kukusema hata msibani usikasirike. Utani hupoza moyo. Lakini mgeni hajui desturi hii. Ukimtania juu ya rangi yake au unene wake siku ya kwanza, ataona ametukanwa. Mwache kwanza azoee. Mkishabeba matofali pamoja siku tatu, mtaona wenyewe ataanza kuwatania ninyi.

La nne ni kusema neno lingali dogo. Katika kundi lolote pana ugomvi. Mmoja ameacha ndoo bila maji. Mmoja anachelewa kuamka. Mmoja anatoa amri kama nyapara. Kila jioni baada ya chakula tutakaa kwa muda mfupi, na kila mtu atasema lililomkera na lililompendeza. Anayesemwa asijibu usiku ule. Alale nalo, ajibu asubuhi. Tumeona njia hii ikiponya vikundi vilivyokuwa karibu kugawanyika. Wanaonyamaza siku zote hulipuka siku ya mwisho.

Kwa njia hii watu waliokuwa hawajuani huwa ndugu. Hata wengi wenu mnalijua jambo hili kwa historia ya kisomo chetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi vidogo, wakasikiliza redio pamoja, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kujadili na kufanya vilikwenda pamoja. Hata sisi tutafanya vivyo hivyo.

NA MTOTO JE?

Sasa tumefika kwenye swali la pili, na hili ndilo zito.

Tuwaambie tuliloliona mahali pamoja, hatutapataja. Kikundi cha vijana kilikwenda kukaa wiki mbili na watoto yatima. Vijana wale walipendana sana. Waliimba, walicheza, walibeba watoto mgongoni asubuhi mpaka jioni. Kila mmoja alikuwa na mtoto wake anayempenda. Siku ya kuondoka walilia, wakapiga picha, wakaahidi kurudi. Gari likaondoka. Mtoto mmoja wa miaka kama minne alikuwa amepewa kofia na kijana mmoja. Alikaa langoni na kofia ile siku tatu. Mlezi akimwita kula, anasema, "Namngoja kaka." Kaka hakurudi. Baadaye wakaja wengine, naye akakimbilia mapajani kwao vile vile.

Vijana wale walirudi kwao wakiwa ndugu. Lakini mtoto yule alikuwa ameachwa kwa mara nyingine tena. Alikwisha kumpoteza mama, sasa amempoteza na kaka.

Watu wengi hufikiri mtoto anayemkimbilia kila mgeni na kumkumbatia ni mtoto mwenye furaha. Wataalamu wa malezi wanasema mara nyingi ni dalili ya mtoto aliyekosa mtu mmoja wa kudumu. Mtoto huhitaji mtu yule yule leo, kesho na keshokutwa. Hata ulimwengu umeliona jambo hili. Desemba 2019 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio juu ya haki za mtoto, na ndani yake mataifa yalitakiwa kuzuia madhara ya safari za kujitolea na za kitalii katika makao ya yatima.

Tena tukumbuke yatima ni nani. Kwa desturi yetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama akifariki, bibi yupo, mama mdogo yupo, mjomba yupo. Duniani kote, watoto wengi walio katika makao wana mzazi mmoja walau aliye hai, au wana jamaa. Mara nyingi kilichowapeleka kule ni umaskini. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na inataka makao ya watoto yawe na leseni ya serikali. Makao ni kimbilio la mwisho. Hatusemi ni mabaya, maana wapo watoto ambao hawana pengine. Lakini tusiyasifu mpaka mjomba akaona ni nafuu kumpeleka mtoto huko kuliko kumlea.

MASHARTI YETU

Kwa sababu hiyo tumeweka masharti, na kila mmoja wa watu 14 atayasoma mwenyewe na kutia sahihi. Hakuna wa kutia dole gumba hapa, tumekwisha kulivuka hilo.

1. Tutafanya kazi ya jiko na bustani. Kulea watoto ni kazi ya walezi wao. Tukimaliza jiko, mlezi atapata nafasi zaidi ya kukaa na mtoto. Huo ndio msaada wetu kwa mtoto.

2. Tukicheza na watoto, tutacheza nao wote, mbele ya walezi. Hakuna mtu kuwa na "mtoto wake".

3. Hatutaahidi tusiloweza. Tusiseme "nitarudi", tusiseme "nitakuchukua". Tutawaambia watoto siku ya kwanza kwamba tumekuja siku 10, na siku ya tisa tutawaaga vizuri.

4. Hatutapiga picha za watoto. Simu zitabaki kwenye mabegi wakati wa kazi.

5. Hatutagawa pipi, nguo wala fedha mkononi. Kila kitu kitapitia kwa mkuu wa makao na kuandikwa.

6. Michango yote, ya wenyeji na ya wageni, itaandikwa katika daftari moja. Kila jioni mtu mmoja atasoma hesabu kwa sauti. Fedha zisizosomwa hadharani ndizo zinazoua urafiki.

7. Tukiona mtoto anateswa, au tukisikia mtoto ana jamaa anayemtaka, tutamweleza afisa ustawi wa jamii. Hatutanyamaza na hatutajichukulia hatua sisi wenyewe.

BAADA YA KURUDI

Wenzetu, ninyi mtarudi Kinole mmechoka na mikono ina malengelenge. Mtapendana, hilo hatuna shaka nalo. Watu waliojenga jiko pamoja hawasahauliani. Wageni wataondoka kwa ndege, na mtaandikiana barua au ujumbe wa simu. Sasa mnaweza kuandika wenyewe bila kumtafuta mtoto wa shule awaandikie, na wala siri zenu hazitatoka nje.

Lakini urafiki huo tutaupima kwa kitu kimoja. Baada ya miezi sita tutatuma watu wawili kwenda kuangalia: jiko linatoa moshi au halitoi? Bustani ina mchicha au ina magugu? Tukikuta imekufa, kikundi kitashuka tena. Wageni walio mbali watatuma mbegu, sisi tulio karibu tutatuma mikono.

Na liko jambo la karibu zaidi. Hapa hapa Kinole wapo watoto waliofiwa, wanalelewa na bibi zao. Wengine wanabeba ndizi kichwani saa wenzao wako darasani. Kikundi kilichojifunza kupika pamoja, kujenga pamoja na kusomeana hesabu hakiwezi kurudi na kupita mbele ya nyumba ya bibi huyo bila kusimama. Paa lake linavuja. Sare ya mtoto imechanika. Kazi hiyo haihitaji nauli.

Basi nendeni salama. Madaftari na kalamu msisahau, na majembe yawe na mipini imara. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chako, nani huwatunza watoto waliofiwa na wazazi? Wanapata shida gani?

2. Kazi ya matuta ya kabla ya mwaka 1955 na kazi ya kujitolea zinatofautiana wapi?

3. Je, umewahi kufanya kazi na watu usiowajua? Nini kiliwapatanisha? Nini kiliwagombanisha?

4. Soma tena masharti 7. Andika sharti moja ambalo kikundi chako kingeongeza, na ueleze kwa nini.